Mjusi wa Mama Mkwe

Tangu ndoa ziumbwe, namjua mwanamume mmoja tu aliyemzawadia mama mkwe wake mjusi, tena wa pangoni, tena aliyekufa, halafu akakaa kusubiri ashukuriwe!

Alikuwa mwenzangu kazini. Tulikuwa chumba cha nyuma cha jumba la makumbusho, katikati ya rafu za chupa zenye nyoka, vyura na mijusi waliohifadhiwa kwenye dawa. Mimi niliandika lebo. Yeye alihesabu magamba ya mijusi kwa lenzi, ndipo tukamwita Magamba. Huko mitaani alijitambulisha kama mwanasayansi. Ukimpa na kiti, aliongeza "mashuhuri".

Sasa, nyumbani kwake alikuwepo mama mkwe. Mwalimu mstaafu, mnene wa haja, mwenye sauti ya kunyamazisha soko zima. Alikuja kumtembelea binti yake kwa wiki moja, na wiki hiyo ilikuwa imeingia mwezi wa nne! Kila asubuhi alimsubiri mkwewe mlangoni.

"Leo tena unakwenda kuhesabu mijusi?"

"Magamba, Mama. Nahesabu magamba."

"Afadhali mijusi. Ungemaliza mapema."

Jamaa alikonda. Akaapa kwamba siku moja mama yule atamheshimu, liwalo na liwe.

Siku yenyewe ikaja. Bosi wetu, daktari wa elimu ya wanyama, mama mpole ambaye utani humpita kama upepo, alituchukua twende pangoni kutafuta mijusi. Mimi nilishika taa. Ghafla Magamba akanong'ona, "Yule pale!" Ukutani alikuwepo mjusi mweupe kama chaki, macho kama vifungo vya koti.

Magamba akaruka kama golikipa wa timu ya taifa! Akatua kifudifudi kwenye kinyesi cha popo. Alipoinuka, mkononi alikuwa na mkia. Mkia mtupu, bado unacheza!

"Nimeshika mkia!" akapiga kelele.

"Kama shuleni," nikamwambia.

Mwenye mkia alinaswa na Daktari kwa kofia yake, taratibu, kama mtu anayefunika sufuria.

Tukarudi kazini kumtambua. Haki yake nimpe: hapo Magamba hakufanya mchezo. Wiki tatu alikodoa jicho kwenye lenzi. Alihesabu magamba ya mdomo, akapima vidole, akalinganisha na kila chupa rafuni. Mijusi wengine wote wa jamii ile walikuwa na vidole vipana vya kunata ukutani. Huyu vyake vilikuwa vyembamba, vyenye kucha ndefu. Tukarudi pangoni tukapata wengine, majike na dume mmoja. Magamba akaandika kurasa mbili za maelezo, Daktari akazipeleka kwa wataalamu wenzake. Jibu likarudi: hajawahi kuandikwa popote. Ni aina mpya!

"Wewe ndiye uliyemwona kwanza," Daktari akamwambia. "Chagua jina."

"Nampa mama mkwe!"

Nikamvuta pembeni. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Ndugu yangu, wakwe wenzangu wanapeleka nguo. Mimi napeleka umilele!"

Mama mkwe aliposikia alitaka kumrushia kandambili. Magamba akamweleza mbio mbio kwamba jina lake litafungwa mkia wa Kilatini na kusomwa vyuo vikuu vyote duniani. Kandambili ikashuka.

"Vyuo vyote?"

"Vyote, Mama."

Akaomba aandikiwe jina hilo kwenye karatasi, akasahihisha herufi moja. Kesho yake ukoo mzima ulikuwa na habari.

Siku ya kumtangaza mjusi, ukumbi wa makumbusho ulijaa mashangazi, wajomba na mabinamu. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, kilemba kimepanda kama mnara.

"Tangaza jina tu," Daktari alimshauri, "halafu watu wanywe soda."

"Daktari, kazi yangu? Naisoma mwanzo mpaka mwisho!"

Akapanda jukwaani, akakohoa kikubwa.

"Jike. Mwili mnene, miguu mifupi. Shingo haionekani kwa urahisi."

Mjomba mmoja akaguna. Mama mkwe akajishika shingo.

"Ngozi ya chini ya kidevu imelegea, ina mikunjo mitatu."

Mabinamu wakaanza kuhesabu. Magamba, macho kwenye karatasi, hana habari!

"Akiguswa, hutoa sauti kali isiyo ya kawaida. Huingia katika ufa wa mwenzake, na akishaingia..."

Hapo ndipo aliposikia anachosoma. Jasho likamtoka kama bomba lililopasuka. Akarukia chini kabisa ya ukurasa. "Kwa ufupi, ni mjusi mzuri!"

"Umeruka mstari," mama mkwe akasema.

"Mama, muda..."

"Lete hapa."

Akasimama, akachukua karatasi, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ileile ya darasani: "Na akishaingia, hatoki kwa muda mrefu." Mimi nilikuwa naangalia mlango ulipo.

Mama akamtazama mkwewe juu mpaka chini. "Miaka thelathini na mbili nimefundisha," akasema. "Sijapata kuona mwanafunzi anayeangalia kitu kwa makini namna hii. Ni mimi mtupu!"

Akacheka mpaka kilemba kikalala upande. Ukoo mzima ukapasuka! Magamba akashusha pumzi, akaanza kuinama kama mtu aliyepewa nishani.

"Ngoja, kuna ukurasa wa pili," mama akasema. Akaufunua. "Dume. Mdogo, rangi imepauka. Kazi yake pangoni bado haijulikani."

Shangazi mmoja alianguka na kiti chake.

Kelele zilipopungua, Daktari akasimama, uso mkavu, kalamu mkononi. "Kwa kuwa familia yote iko hapa," akasema, "kuna yeyote mwenye taarifa ya ziada kuhusu dume?"

Tukasubiri. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hata mke wake.