Kutulizwa kwa Baba Yangu Bila Idhini Yangu

Mheshimiwa Mama Msimamizi wa Nyumba ya Wazee,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako, na wazee wote wa ghorofa ya chini. Mimi si mzima sana, na sababu nitaieleza kwa utaratibu, maana nimelelewa na mtu wa utaratibu.

Mimi ni binti wa yule mzee wa chumba cha karibu na jiko, aliyefanya kazi miaka thelathini na minne katika kituo cha kusukuma maji. Unamfahamu. Ndiye aliyekuwa akitikisa milango kila ikikaribia saa kumi jioni, akifungua mabomba yote, akimrushia muuguzi bakuli la supu na kupiga kelele kwamba watu wataunguza mtambo. Kwa miaka miwili, tangu ugonjwa wa kusahau ulipomzidi, mmekuwa mkiandika kwenye faili lake maneno yale yale: "Anahangaika. Binti aitwe." Nami nikaitwa, nikaja. Mambo yalikuwa yakienda vizuri.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba wiki saba zilizopita yule mhudumu wenu mwenye mwanya, bila kuniuliza mimi wala wewe, aligundua kinachomsumbua baba. Eti tatizo lilikuwa presha. Wauguzi walikuwa wakimpima presha kila siku mchana, na akiuliza ni ngapi wanamjibu, "Iko sawa tu, mzee, wewe pumzika." Mheshimiwa, mtu huyu amesoma presha ya maji kwenye geji kila baada ya nusu saa, ujana wake wote na utu uzima wake wote. Kazini kwao aliyeandika "iko sawa tu" alifukuzwa. Na kumwambia apumzike kabla mwenzake hajafika kupokea zamu ni kumwambia auache mtambo uungue. Basi mhudumu akamtajia namba. Akampa daftari na kalamu aiandike. Ilipofika saa kumi akasimama mbele yake wima, akasema, "Nimepokea, mzee. Nenda kapumzike." Baba akavua kofia, akala chakula chote, akakaa dirishani akipiga mluzi. Tangu siku hiyo hajatikisa hata mlango mmoja.

Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema sikushirikishwa.

2. Kwamba mahangaiko ya baba yalikuwa udhuru wangu, na nimenyang'anywa. Simu yenu ilinitoa kwenye vikao vya kamati ya jengo letu, ilinitoa kwenye harusi tatu, na mara nyingi ilinitoa sebuleni kwa wifi yangu katikati ya habari za jino lake. Nilikuwa nikisema tu, "Samahanini, baba anahangaika," na watu wote wananionea huruma huku natafuta viatu. Sasa simu hailii. Alhamisi iliyopita niliisikiliza habari ya jino lile hadi mwisho. Kumbe hata halikung'olewa.

3. Kwamba utulivu huu unaambukiza. Bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu, ambaye zamani alilia kila jioni akitaka kurudi kwao, sasa ni karani wa baba: anajumlisha presha za wazee wote na kutoa wastani. Yule mzee fundi viatu aliyezoea kuvua nguo ukumbini siku hizi amevaa mpaka tai, kwa sababu baba amemwambia hakuna kuingia kituoni bila sare. Jumapili nilikuta ukumbi kimya, wazee wanane wamekunja mikono ya mashati wakisubiri zamu yao ya kupimwa. Nyumba ya wazee ikikosa fujo, sisi watoto tutaingia humo kwa kisingizio gani?

4. Hili linaniuma, kwa hiyo nitalisema haraka. Jumapili hiyo hiyo baba aliniona mlangoni. Zamani, akiwa katika mahangaiko yake, alinishika mkono hadi ukabaki na alama, akanifokea, "We mtoto, nitoe humu!" Mtoto, alisema. Safari hii alinitazama kwa adabu zote, akanikaribisha kiti, akaamuru nipimwe. Namba yangu ilipita za wote. Akatikisa kichwa, akaandika, akamwambia mhudumu, "Mwenzangu, hii pampu ngeni imefanyishwa kazi mno. Izimeni, ipoe." Wakacheka wote. Nami nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Mhudumu ni mwenzake, mimi ni pampu. Nina wivu, Mheshimiwa, na siuonei haya.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa heshima zote. Baba arudishiwe mahangaiko yake, angalau Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Si lazima bakuli lirushwe. Kutikisa mlango kunatosha. Daftari lifichwe, na wauguzi warudie lile jibu lao la "iko sawa tu", ambalo lilikuwa likifanya kazi vizuri sana. Mhudumu mwenye mwanya ahamishiwe chumba cha kufulia, mbali na watu, ambako hatapata mtu wa kumwelewa. Yakishindikana yote hayo, basi nipewe mimi kitanda hapo. Nitahangaika kwa niaba ya baba, na yeye aitwe.

Nifikishie salamu kwa wauguzi, kwa mpishi, kwa Bibi Mwalimu na wastani wake, na hata kwa huyo mwenye mwanya, ila zake ziwe za juu juu.

Wako katika masikitiko,
Binti wa Mzee wa Pampu

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe leo mchana. Nimekuta ofisi yako imefungwa, nikaketi na baba kukusubiri. Alipoona bahasha akadhani ni ripoti ya zamu, akataka nimsomee. Nikamsomea yote, hata ile ya nne. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Huyu aliyeandika yuko kazini tangu lini?" Nikamwambia miaka miwili. "Na nani anampokea?" Nikamwambia hakuna. Baba akakasirika kweli kweli, akapiga meza. Nikadhani mahangaiko yamerudi na, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kisha akasimama, akavaa kofia, akanishika mkono polepole, akasema, "Nimepokea, mwanangu. Nenda kapumzike." Sijui kama alinijua, wazee humwita kila mtu hivyo. Sikuuliza. Nimelala saa mbili nzima kwenye kiti chenu cha wageni, na mwenye mwanya kanifunika shuka. Tafadhali usitekeleze hata moja ya niliyoomba. Ningeichana barua hii, lakini baba amekwisha kuitia sahihi, na anasema ripoti haichanwi, inapelekwa kwa mkubwa. Ndiyo maana unaisoma.