Mjukuu wa Betri

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Nimeokoa familia. Naandika sasa hivi, kabla sijazoea utukufu.

Hali ni hii. Dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu nabebwa mgongoni, ameacha kazi ya kupanga bidhaa kwenye duka la jumla. Sasa anatotoa vifaranga. Mashine ya kutotolea iko chumbani kwangu, maana ndicho chumba kisichoingia upepo. (Dirisha halifunguki tangu nilipolitengeneza. Tuliache.) Ndani kuna mayai sitini, yamefika nusu ya siku zake, yanataka joto mchana na usiku. Yakipoa, yameharibika, na Dada anarudi dukani kumwangukia yule bosi aliyemwambia, tena mbele ya watu, kwamba atarudi tu. Na kuanzia kesho kutwa umeme ni wa mgao!

Shemeji, mume wa Dada, dereva wa lori, alishauri tufunge betri ya lori na nyaya mbili. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia shemeji yangu, dunia imekuacha kituoni. Dada akasema jambo hili aachiwe mdogo wake, ana kichwa. Maneno yake mwenyewe. Shemeji akasema kichwa anakiona, anachouliza ni kilichomo.

Leo basi nimeingia na betri ya sola ya kubeba mkononi. Imetumika kidogo, nimeinunua kwa Fundi Vioo, yule anayebadilisha vioo vya simu pale kona. Ina mpini. Ina soketi mbili. Haina swichi hata moja! Fundi Vioo anasema swichi ni za wazee, hii unaiamuru kwa simu. Paneli yake nimeshaifunga juu ya bati. Shemeji ameizunguka betri mara tatu akitafuta pa kubonyeza. Nimemhurumia.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimepakua programu ya betri. Imeniuliza jina, umri, nilipo, na ruhusa ya kuangalia picha zangu na namba za watu wangu. Betri! Hata mchumba hajawahi kunichunguza hivyo. (Sina mchumba kwa sasa. Ni uamuzi.) Yakaja masharti, kurasa na kurasa. Nikakubali bila kusoma, kama msomi yeyote.

Kisha ikaandika: Betri hii ina mwenyewe. Omba ruhusa.

Mwenyewe nani? Mwenyewe si mimi?

Nimepiga huduma kwa wateja. Muziki. Muziki mrefu, sasa naweza kuuimba wote na vinanda vyake. Mwishoni akaja binti mwenye sauti laini akitaka risiti ya kwanza, boksi la kwanza na mnunuzi wa kwanza. Nikamwambia betri iko miguuni pangu. Akasema mfumo unaonyesha siyo yangu. Nikamuuliza kati yangu na mfumo anamwamini nani. Akasema mfumo, tena bila kufikiri, halafu akanitakia siku njema.

Nikarudi kwa Fundi Vioo kuwaka moto. Ameapa kwa vidole vyote kwamba aliuziwa na kijana mmoja, na kijana alinunuliwa betri hiyo na bibi yake ili asomee. Hapo nikaona mwanga. Mwenye betri ni bibi! Bibi gani duniani atamnyima mjukuu wake umeme? Programu ina kidirisha cha kumwandikia mwenyewe maneno machache. Nikaandika: "Shikamoo bibi. Ni mimi, mjukuu wako. Naomba umeme, nasoma."

Fupi. Safi. Ya kitaalamu.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Amejibu! "Marahaba mjukuu wangu. Umepotea. Nionyeshe kucha zako."

Kucha? Nimezipiga picha, nikatuma. Akajibu hizo si kucha, ni majembe, nikate nitume tena. Nimekata kwa wembe wa Shemeji. (Asijue.) Baada ya hapo ikaja ruhusa ya mgeni, ya siku moja tu, kesho niombe upya. Lakini betri ikawaka! Ikanguruma kidogo kama paka aliyeshiba. Umeme ulipokatika jioni, taa ya mashine haikupepesa hata jicho. Dada amenikumbatia mpaka mbavu zikalia. Nimemwambia nimevunja mfumo kwa utaalamu wangu. Shemeji amesema ngoja. Neno hilo moja tu, halafu akaenda kuoga.

Wivu.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Huyu bibi si wa kawaida. Kila asubuhi ni ukaguzi. Jana alitaka picha ya kitanda. Nikamtumia kitanda, akauliza kama kuna mtu amepigwa humo. Nimejifunza kutandika na kukunja pembe za shuka. Leo ametaka kola ya shati, mbele na nyuma. Shati lenye kola safi sikuwa nalo, ikabidi nifue. Mimi! Kwa mikono hii!

Dada alinikuta natandika, akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Baadaye kwenye karai la nguo akasema amejua, ni msichana. Nikanyamaza kwa namna ya mtu mwenye msichana. Shemeji akabisha. Akasema msichana gani anayemfanya mwanamume akunje pembe za shuka, huyu kijana amejiandikisha jeshini.

Mchana bibi ameniuliza nasoma nini. Nikajibu sayansi, maana neno hilo halina maswali. Lina maswali! Akauliza jani huwa la kijani kwa sababu gani. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, kwa makubaliano ya pande zote. Nikamtupia Shemeji swali kama mzaha, akiwa chini ya lori. Akajibu bila hata kutoa kichwa: klorofili.

Dereva wa lori! Nimeumia kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nimekwisha.

Jana bibi aliuliza huwa nalala saa ngapi. Nikajisifu. Nikasema mimi nasoma mpaka majogoo, ndiyo maana betri haizimwi. Nilitegemea pongezi. Usiku umeme wa mgao umekatika, sisi tumelala, kumbe bibi kaizima betri kwa simu yake, huko aliko! Asubuhi nimeamka chumba kimya. Mashine baridi. Kwenye simu kuna maneno: "Mtoto anayekua hulala. Tutaonana baada ya kifungua kinywa."

Dada ameingia na tochi ya kumulikia mayai. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alikaa kitandani kwangu, juu ya zile pembe nilizokunja, akashika yai moja kwa viganja viwili kama anayesali. Akauliza tu, kwa sauti ndogo, kama mfumo nilioutengeneza umeharibika. Nikasema kidogo.

Shemeji alifanya jambo fulani kwa chupa za maji ya moto na blanketi la kwenye lori. Alizipanga pembeni mwa mashine, akawa anazibadilisha kila zikipoa. Hata "nilikuambia" hakusema. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Ruhusa imerudi baada ya kifungua kinywa, kama alivyoahidi. Joto limepanda. Lakini ndani ya mayai kukoje? Dada anasema mengine bado yanatikisika akiyamulika. Mengine hataki kusema. Na usiku unakuja.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Nimemwambia ukweli. Si kwa kutubu, isieleweke vibaya. Ni mbinu. Mbinu nyingine zote zilikuwa zimeisha.

Nikampigia kabisa. Namba yake iko kwenye ile ruhusa. Nikasema shikamoo, halafu nikamwaga kila kitu kwa pumzi moja: mimi si mjukuu wake, sisomi, nina mayai, mayai si yangu, ni ya Dada, yule bosi wa duka la jumla anasubiri, tafadhali usizime.

Nikadhani amekata.

Akasema marahaba. Akasema anajua. Hana mjukuu, wala hajazaa. Betri alimuuzia Fundi Vioo mwenyewe, mkono kwa mkono, kwa sababu kila alipotaka kuwasha taa ilimtaka kwanza asasishe programu. Kijana wa kusoma hakuwepo kabisa! (Fundi Vioo na vidole vyake vyote.) Akasema amekuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi, amedanganywa na mabingwa, ila mwongo anayeanza na shikamoo bado hajamwona.

Nikamuuliza kwa nini basi alinijibu. Akasema simu yake siku hizi huleta matangazo ya kampuni tu. Siku ile ilileta shikamoo.

Nikajikuta namwamkia tena, shikamoo.

Halafu akabadilika! Akanigombeza mpaka sikio likapata joto. Kwa nini sikusema mayai? Kitabu kinaweza kungoja asubuhi, yai linangojaje? Angekesha! Mtoto mzima unajua kudanganya hujui kuomba! Akaamuru apewe Dada. Nikasema Dada hayupo. Dada alikuwa nyuma yangu. Akachukua simu.

Wameongea mpaka salio la dakika likaisha, Matroni akapiga yeye. Nilisikia "kucha". Nilisikia "majembe". Dada alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na Shemeji alipoelezwa kuhusu klorofili, alitoka nje akaegemea lori lake, mabega yanatikisika. Ndugu zangu hawa. Damu yangu!

Tatizo moja. Matroni hawezi kujiondoa kwenye betri. Programu inataka kutuma namba ya siri kwenye laini yake ya zamani, na laini ile ilipotea pamoja na mkoba. Amewapigia huduma kwa wateja. Ameujua wimbo, tumeuimba pamoja kidogo. Kwa hiyo ruhusa ni ya siku moja moja, yeye aitoe, mimi niiombe. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema kesho kola.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Vifaranga wanadonoa!

Tumekaa wote chumbani kwangu tangu asubuhi. Umeme wa mgao umekatika mara mbili, hakuna aliyegeuka. Simu imeegemezwa kwenye kikombe ili Matroni aone kwa video, kamera imemkaa puani, anatoa maagizo. Msiwasaidie! Waacheni watoke wenyewe! Shemeji alikuwa ameshanyoosha kidole, akakirudisha mfukoni kama mwanafunzi.

Wa kwanza alitoka amelowa, mbaya, kama soksi. Dada akalia. Kufika saa ya chakula ni arobaini na moja. Kumi na tisa hayakuanguliwa. Dada ameyapanga pembeni kwa taratibu, akasema arobaini na moja ni kundi, kwa kundi hilo harudi dukani kwa mtu. Kisha akanivuta kichwa, akanibusu utosini mbele ya Shemeji. Kila mtu alikuwa na vumbi machoni, chumba changu kina vumbi sana.

Shemeji ameniambia nimefanya kazi. Nimemwambia na yeye, kwa upande wa chupa, hakuwa mbaya. Tusizidishe.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Sifa zimesambaa. Mtaani sasa naitwa Injinia. Sijamsahihisha mtu.

Leo kinyozi wa jirani amekuja na betri kama yetu, kainunua kwa Fundi Vioo huyo huyo, imefungwa, mashine zake za kunyolea zimelala na mteja kaachwa nusu kichwa. Nikamwambia kwangu hilo ni jambo dogo. Dada amesikia. Amenionya nimwandikie mwenyewe kwa adabu, niseme imenunuliwa, niombe, basi. Matroni, kwenye ukaguzi wa asubuhi, ameniapisha maneno hayo hayo. Nimewaitikia wote wawili. Wanawake hawa nawapenda, ila kuhusu biashara bado wanahitaji kufundishwa. Mtu anaacha vipi njia iliyokwisha kufanya kazi?

Nimefungua programu. Mwenye betri kaandikwa Koplo. Wazee wanapenda sana majina ya utani.

"Shikamoo babu. Ni mimi, mjukuu wako. Naomba umeme, nasoma."

Amejibu papo hapo, hata kinyozi kashangaa. Hakuuliza kucha. Hakuuliza kola. Anachotaka kujua ni niko wapi hasa, nyumba ipi, na betri iko na nani. Huyu ndiye babu mwenye upendo!

Nimemtumia ramani.