Watatu wa "Usukani" Wametuacha

Jumamosi, 3 Juni

Kipindi cha magari cha "Usukani" kwenye televisheni kilipokaribia kwisha, watangazaji wetu watatu waliegemea gari jekundu wakasema leo ndiyo mwisho wao. Kipara, Domo na Mzee Taratibu! Majina tuliwapa sisi watazamaji, na wameondoka nayo. Jumamosi ijayo kuna sura mpya. Wakapunga mikono. Halafu tangazo la sabuni. Sabuni!

Baba mkwe aliweka kikombe chini. Akavaa kofia, akatoka. Hakuaga.

Baba mkwe ni dereva mstaafu wa mabasi. Mimi nashona viti vya magari, na kuendesha sijui. Kuendesha naogopa. Tangu nimwoe binti yake hajapata cha kuongea nami, isipokuwa Jumamosi jioni, saa ya "Usukani", tunapokaa kochi moja na kuwazomea madereva walewale. Saa hiyo huniita "mwanangu". Saa zilizobaki huniita "huyu".

Sasa saa hiyo imekwenda.

Jumapili, 4 Juni

Nililolihofia limetimia. Amempigia simu mke wangu, kamwambia haoni sababu ya kuja tena Jumamosi. Tena mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, amekwisha kumkaribisha kwake. Mwanyumba ana televisheni pana kama mlango wa gereji. Ana gari. Huliendesha kwa mkono mmoja, wa pili akijikuna kidevu. Mtu huyu hunitisha hata akiwa ameegesha.

Mke wangu anasema wabadilishe watangazaji, wasibadilishe, chai ni ileile. Hajui hatari. Nimelala chali mchana kutwa nikipanga. Jibu nimelipata: Chama cha Watazamaji Waliotelekezwa. Tutawabana wenye kituo mpaka wawarudishe watatu wetu. Nikifaulu, baba mkwe ataniita mwanangu hata Jumatano.

Jumanne, 6 Juni

Mkutano wa kwanza, karakanani kwangu, wajumbe wakiwa wamekalia viti visivyo na magari. Nilitegemea umati. Walikuja kinyozi, fundi betri, na mama mjane wa nyumba ya pili. Kinyozi alisema wenye kituo wakiachwa wabadilishe watangazaji bila kuuliza mtu, kesho watambadilisha na yeye. Fundi betri amesikia kwamba mmoja wa wapya ni mwanamke aliyekuwa dereva wa trela, na mwenzake ni kijana anayecheka muda wote. Tukawabatiza papo hapo: Dada Trela na Meno. Tukawachukia kabla ya kuwaona. Kwa dakika chache nilijisikia vizuri sana.

Kisha mjane akaomba nafasi. Alisema magari hayajui na hayamhusu. Lakini marehemu mumewe alikuwa akicheka pamoja na Domo, na mpaka leo, Domo akicheka, yeye husikia vicheko viwili. Sasa anaogopa kuwasha televisheni akute kimya.

Nilimpa kipande cha kitambaa cha kiti ajifutie machozi. Kumbe hofu hii si yangu peke yangu. Badala ya kufarijika nikaogopa zaidi.

Wamenichagua mimi niende kituoni kwa sababu nina sauti kubwa. Sauti hiyo huwa kubwa nikiwa na woga, lakini sikuona haja ya kuwaeleza.

Alhamisi, 8 Juni

Nimekwenda. Heri ningevunjika mguu njiani.

Mlinzi alinikalisha ukumbi wa chini. Akapita mwanamke mwenye ovaroli, anatafuna karanga. Nikamdhania mtu wa stoo. Akaniuliza kwa upole nimefuata nini, nami nikammwagia yote: kwamba huyo Dada Trela ni msiba mkubwa, Meno ni msiba mdogo, na wazee wetu wanakata tamaa majumbani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akauliza kama ningeweza kuyasema hayo hewani, watu wote wakinisikia. Nikajibu hata sasa hivi. Akanipa mkono. Kiganja kigumu kama tairi.

"Basi karibu Jumamosi, kaka," akasema. "Mimi ndiye huo msiba mkubwa."

Nilikuwa bado natafuta pa kuuficha uso aliponieleza utaratibu. Wageni wa kipindi sasa watahojiwa ndani ya gari. Gari likitembea. Yeye akiendesha.

Ijumaa, 9 Juni

Tumbo limeniuma tangu asubuhi. Mke wangu kalibonyeza, kasema halina kitu humo ila uongo. Nikaja na mpango mwingine: nimefiwa. Tukakosa wa kumtaja. Nikaamua kumtuma kinyozi badala yangu. Kinyozi ana wateja. Fundi betri ana kikohozi. Chama kizima kimepatwa na dharura.

Jioni simu ikalia. Baba mkwe! Hajawahi kunipigia mimi. Alisema habari zimemfikia, na kwamba anakuja kwangu kesho kunitazama kwenye televisheni. Mwanyumba ndiye atakayemleta.

Nimekaa sakafuni. Akiniona ninavyoogopa, tena mbele ya nchi nzima, hata hilo "huyu" sitalipata tena.

Jumamosi, 10 Juni

Naandika kitandani, shuka imefika kidevuni.

Hotuba nilikuwa nimeikariri yote. Dada Trela alinifunga mkanda mwenyewe. Meno alikaa kiti cha nyuma, anacheka. Taa zikawaka. Gari likaondoka. Hotuba ikabaki pale tulipotoka.

Nilikumbatia kiti. Mshono wa kiti kile umeanza kufumuka na nilitaka kuwaambia, lakini mdomoni ilitoka sauti nyingine. Nasikia nilimwita mama. Nasikia niliwaomba radhi watazamaji wote, nikamwusia mke wangu awarudishie wateja viti vyao. Dada Trela alinigeukia kwa huruma.

"Kaka," akasema, "bado sijatia gia ya pili."

Akasimamisha gari. Palepale, kamera zikiwa zinatazama, akasema yeye pia anaogopa, asubuhi ametapika. Kwamba miaka yote ile ya trela, akiegesha njiani peke yake, aliwatazama wale watatu kwenye simu yake, na kwake walikuwa kama watu wa nyumbani. Walipotangaza kuondoka alilia. Kuketi mahali pao kunamtisha kuliko mteremko wowote aliowahi kushuka na mzigo. Nikamtazama Meno kwenye kioo. Ameacha kucheka. Kumbe akifunga mdomo ana sura ya mtu anayeomba asifukuzwe.

Nikamgeukia Dada Trela. Nikamwambia mshono wa kiti umefumuka.

Nyumbani nilinyemelea mlango wa nyuma. Baba mkwe alikuwa amesimama papo hapo ananisubiri. Ndani, mwanyumba alikuwa akiniigiza, amekumbatia mto wa kochi na kumwita mama yangu. Baba mkwe akamwambia akapashe gari moto. Kisha akanishika kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa, akanikalisha. Akaniambia taratibu kwamba alipoanza kazi ya basi, kila akifika darajani alifumba jicho moja kwa woga, na abiria hawakujua. Hata mama mkwe hakumwambia. Akaongeza kuwa yule dada anaujua usukani. Wale watatu, alisema, walikuwa wakiushika kama sinia.

Kama sinia! Na mimi nimewapigania wiki nzima.

"Jumamosi ijayo nakuja," akasema akichukua kofia. "Lala, mwanangu."

Kipindi kilikuwa kimekwisha zamani. Alisema hivyo kipindi kikiwa kimekwisha.

Jumapili, 11 Juni

Kinyozi kaniita msaliti na anataka uenyekiti. Nimemwachia. Mjane amepita kunisalimu. Anasema kicheko cha Meno hakifanani na cha mtu yeyote anayemjua, na mwanzoni alitaka kuzima. Hakuzima. Atawatazama tena, angalau apate wa kuwasema.

Kwa hiyo mambo shwari. Mtu mwingine angetulia, akashona viti.

Lakini kuna jambo limenijia nikinywa chai. Jana Dada Trela alipofunga kipindi hakusema "tuonane Jumamosi". Alisema "haya, kwaherini". Kwaherini ya nini? Nimemwuliza mke wangu, kasema watu huaga. Najua watu huaga! Hilo ndilo linalonitia hofu. Hawa nao wakiondoka, baba mkwe ataniita nani?

Nimeanzisha chama kipya: Chama cha Kuwazuia Wapya Wasiondoke. Kwa sasa mwanachama ni mimi. Mke wangu nimemweleza, akachukua kikombe chake akatoka chumbani, bila shaka kwa kuguswa. Kesho asubuhi nitakuwa langoni pa kituo kabla Dada Trela hajafika, na atanihakikishia mbele ya mlinzi kwamba haendi popote. Mpango huu hauna kasoro. Na akisema hana nafasi ya kusimama, kwamba kama nina neno nipande tuongee njiani, nitapanda.