Vita vya Springi na Mgongo wa Mama Mkwe

Tegeni masikio, enyi mnaokalia viti vyenye mito na kupita barabara zilizonyooka, niwasimulie habari za Vumbi, muuza magodoro, mpanda vilima, mkanyaga matope, ambaye katika msimu ule wa mvua aliinua silaha dhidi ya mashimo ya dunia, akashindwa vibaya, kisha akashinda kidogo. Ketini. Mwenye kiti kigumu na avumilie, maana ndiyo habari yenyewe.

Vumbi alikuwa na gari la porini, refu, la chuma tupu, ambalo nyuma lilibebwa na springi za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita majani. Porini lilikuwa halijafika. Lilifika dukani, lilifika kwa kinyozi, na mara moja, siku ya aibu, lilifika kwa mama mkwe, likamrusha njia nzima hadi akateremka ameshika kiuno, akaapa kwamba hatakanyaga tena ndani ya chombo kile. Sasa mke wa Vumbi alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na alimtaka mama yake. Hakutaka zawadi wala pongezi. Alimtaka mama yake hadi akalia, na barabara ya kwa mama ilikuwa mawe matupu ambayo gari jingine lolote la ukoo lisingeweza kuipita.

Ndipo shujaa akaenda gereji, na baraza la vita likaketi juu ya matairi makuukuu. Alikuwepo fundi, mwenye grisi hadi viwikoni. Alikuwepo muuza vipuri wa jirani. Na alikuwepo Kamanda, dereva wa lori mstaafu, ambaye hakuwa na gari lakini hakukosa neno.

"Ewe Vumbi," akanena Kamanda, akisimama ili wapita njia nao wafaidike, "mwanamume haendi vitani na springi zilizolala. Ongeza majani. Ongeza mpaka gari liinue kichwa, watu wakiliona waseme, huyo anapita."

"Neno la Kamanda ni chuma," akasema muuza vipuri, ambaye chuma hicho kilikuwa kimemwozea stoo. "Na tuongeze shokomzoba ngumu za kuzuia mtikiso, zile za magari ya kubeba saruji. Mama mkwe ni mtu mzito kwa heshima."

"Mimi nafunga ninachoambiwa," akasema fundi.

Vumbi akachagua majani mengi na shokomzoba za saruji, na gari likapanda juu hata akahitaji tofali la kukanyagia ili aingie. Kisha likajaribiwa kwa desturi ya gereji ile: baraza lote likajazana nyuma, Kamanda katikati na tumbo lake, pamoja na watu waliokuwa wakingoja chai, wakauzunguka mtaa. Gari likapita mashimoni kwa upole, likiwabembeleza wote. Wakashuka wakipongezana, na Vumbi akawa na furaha iliyokaribia kumtoa machozi.

Njiani kurudi nyumbani alimnunulia mkewe trei ya mayai, akaiweka kiti cha nyuma, peke yake. Alipofika lilikuwa limebaki yai moja zima. Mke akatoka na mtoto begani, akalitazama gari lilivyo juu, akaitazama trei.

"Ulipolijaribu, nyuma alikaa nani?"

"Alikaa Kamanda, na fundi, na majemadari wengine wa—"

"Na mama yangu alivyo mwembamba?"

Shujaa akainama kuokota maganda ya mayai.

"Mume wangu, dukani kwako humuuzii mtu godoro kabla hajalilalia. Mwanamume akija peke yake unamrudisha akamlete mkewe. Leo umempimia mama yangu kwa tumbo la Kamanda. Springi zinazolegea chini ya mzito zitamrusha mwepesi kama mayai haya."

Hapa, wasikilizaji, ndipo penye vita vya kweli, maana mashimo hayamcheki mtu, bali watu wa gereji hucheka. Vumbi akarudi kwao asubuhi, uso umeshuka, akatamka maneno mazito kuliko jeki: "Fundi, toa yote mliyoongeza. Toa na jani moja la zamani. Shokomzoba tia laini."

"Gari litalala chini," akasema Kamanda kwa huzuni. "Wewe mwenyewe hutaonekana."

"Nisionekane."

Wakacheka mpaka chai ikawamwagikia. Gari likashuka, tofali likatupwa, na safari hii Vumbi, ambaye naye mwili wake ni wa kuhesabu mbavu, alikaa nyuma peke yake huku fundi akiendesha. Akarudi akiwa ametulia.

Vumbi alipofika kumchukua, mama mkwe alilisukuma gari lile kwa kiganja kabla ya kuingia. "Baba, mimi niliapa."

"Mama, ukirushwa hata kidogo, nitakurudisha kwa miguu yangu."

Akaingia. Wakaanza kupita kwenye mawe. Nyuma kukawa kimya, na Vumbi akaogopa kwamba mkwewe anavumilia kwa adabu, akachungulia kwenye kioo: mama mkwe amesinzia, mdomo wazi, kanga imemteleza begani. Mji mzima ungeanguka mikononi mwa Vumbi siku ile, asingefurahi zaidi.

Walipofika, mama mkwe akateremka bila kushika kiuno, akampita kila mtu, akamkumbatia bintiye pamoja na mtoto, na wote watatu wakalia. Vumbi alisimama uani na hotuba yake tayari, juu ya majani, juu ya uzito, juu ya kebehi alizomeza. Hakuna aliyeuliza. Hatimaye mama mkwe akachungulia dirishani.

"Kumbe baba ukitaka unaweza kuendesha polepole."

Vumbi akalitazama gari lake lililolala, akamtazama mkewe nyuma ya dirisha, aliyekuwa akicheka na machozi usoni. Hotuba ikamfika kooni, akaimeza.

"Ndiyo, mama," akasema.

Na iandikwe, enyi vizazi, kwamba tangu chuma kilipovumbuliwa hakuna mwenye gari aliyewahi kujibu kwa ufupi namna ile, na kwa jibu hilo Vumbi ameingia katika historia.