Tansio ya Citoyen Directeur

Siku Bulonza, mutu wa biashara ndogo-ndogo, aliona kanisani mukono wa Citoyen Directeur Cirimwami, mukubwa wa mahospitali yetu, ukinyooka kupokea komunyo, munene kama muguu wa kiboko, aliacha kusali. Nyumbani alikuwa na mashine ya kupima tansio ya damu, ya mutumba, yenye kuandika namba yenyewe, aliyoinunua Cyangugu, ng'ambo ya mupaka. Kitambaa chake kilikuwa cha mutoto. Ukikifunga kwenye mukono munene, namba zinapanda ovyo, hata mwenye mukono akiwa muzima kama ng'ombe wa misioni.

Na wakubwa wetu wanatafuta nini zaidi ya ugonjwa? Maskini akigonjwa, anachimbiwa shimo. Mukubwa akigonjwa, anapanda ndege ya Brussels, serikali inalipa, na bibi yake anarudi na masanduku ya viatu.

Kesho yake Bulonza alikuwa Nyalukemba, mutaa wa wakubwa, mu salon ya nyumba ya Directeur, anamufunga kile kitambaa.

"Vingt-quatre, Papa! Makumi mbili na ine! Weye ni maiti mwenye kuvaa suti ya abacost."

Directeur akacheka kwa furaha. "Unataka nini?"

"Ile gari yako ya Peugeot yenye kulala mu garage. Basi."

"Siku ndege itaruka, ni yako."

Ilibaki sahihi ya daktari. Docta Nsimire akaja na kipimo cha zamani, cha zebaki, akafunga, akasikiliza. "Douze-huit, kumi na mbili kwa nane. Uko muzima kabisa."

"Mashine ya mukoloni!" Bulonza akaruka. "Zebaki ya Wabeleji! Hii yangu iko ya Wajapani, watu wenye hawakutupiga fimbo hata siku moja."

"Umesikia, Docta?" Directeur akauliza polepole. "Ao unapenda kutumika Shabunda, mu pori?"

Docta akaangalia tena ile mashine. "Vingt-quatre," akasema, akatia sahihi.

Siku ya ndege, Directeur akamupa Bulonza ufunguo, na mashine akaitia mu sanduku lake mwenyewe. "Hii inabaki kwa faida ya Taifa. Kinshasa niko na rafiki wengi wanene, wote wanatafuta ugonjwa."

Bulonza akajiambia: Si kitu, gari ni gari. Akakimbia garage, akafungua capot, kifuniko cha mbele. Ndani, kuku alikuwa analalia mayai. Moteur, injini yenyewe, ilitolewa zamani, ilikuwa inavuta minibus ya abiria ya bibi ya Directeur, njia ya Bagira, tangu Noeli.

Kichwa kikaanza kumugonga. Akajikokota mpaka hospitali. Docta akamufunga kitambaa. Zebaki ikapanda, ikakataa kushuka.

"Vingt-deux. Makumi mbili na mbili."

"Pima tena, maman. Hii ya mukoloni..."

"Nimepima mara mbili."

"Basi nipe dawa!"

Docta akafungua kabati. Buibui mumoja akakimbia.

"Feza ya dawa imepanda ndege asubuhi," akasema. "Si weye uliisindikiza?"