Mke Wangu, Baba Mkwe na Buldoza Lililokata Pumzi

Jumapili, tarehe 2 Machi. Siku ya ishirini na tatu ya ndoa.

Nina raha! Nina raha mpaka naona haya kuiandika. Nimeamka, kitanda upande wa pili kitupu, nikajua alipo. Nikatoka hadi kiwanja cha nyuma. Miguu miwili tu ndiyo inaonekana, imetokeza chini ya buldoza. Miguu ya mke wangu! Ina grisi mpaka vifundoni, na bado ni miguu ya malaika. Nikasimama naitazama hadi chai ikapoa mkononi.

Wanaume wenzangu walioa walimu, walioa wauguzi. Mimi nimeoa fundi wa malori. Zawadi ya harusi aliomba seti ya spana. Nikamfungia kwa utepe wa hariri, akalia machozi.

Buldoza ni la baba yake. Aliliendesha miaka ishirini na moja katika kampuni ya kutengeneza barabara, na kampuni ilipokufa ikamwachia hilo badala ya kiinua mgongo. Tangu hapo limelala kwenye kiwanja cha watu, nyasi zimeota kati ya minyororo yake ya kutembelea. Mke wangu akitoka karakana jioni anakwenda kulifufua. Na mimi nikifunga duka la mapazia nakwenda kumtazama akilifufua. Ndiyo starehe yetu.

Leo lakini mwenye kiwanja kaja na uso wa msumari. Anajenga. Jumamosi saa sita mchana buldoza liwe limetoka kwa nguvu zake lenyewe, la sivyo anawaita watu wa vyuma chakavu walikate vipandevipande. Baba Mkwe akaketi juu ya mnyororo, akavua kofia, akawa analipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Mke wangu akasema litatoka.

Nikasema kwa sauti kwamba nami nitasaidia. Baba Mkwe akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu. Akauliza: "Wewe, Pazia?"

Hivyo ndivyo anavyoniita. Pazia! Mume wa shemeji yangu mkubwa, asiyejua hata kupiga msumari, anaitwa mwanangu. Mimi Pazia. Naapa mbele ya daftari hili: kabla ya Jumamosi kuisha, yule mzee ataniita mwanangu.


Jumatatu, tarehe 3 Machi

Limewaka!!! Saa kumi na moja jioni. Lilikohoa mara tatu, likatema moshi mweusi, kisha likanguruma mpaka kuku wa jirani wakapanda ukutani. Nusu saa nzima bila kusita, hadi mke wangu mwenyewe akalizima. Akanirukia shingoni. Shati langu jeupe sasa lina mikono yake miwili mgongoni, ya grisi. Silifui. Nitazeeka nalo.

Kasoro ni moja. Yule Mchomeleaji alikuwepo. Alisoma ufundi na mke wangu, ana mikono kama nguzo, na ananiita shem. Shem shikilia hapa. Shem sogea kidogo. Shem umekanyaga waya. Mke wangu anasema huyo ni kama kaka yake. Sawa. Lakini kaka gani anacheka namna ile?

Nimepima kibanda cha dereva. Nitakishonea mapazia. Ya maua, yenye marinda.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku yangu! Mke wangu kanikabidhi kazi ya kweli: kufuta vumbi kwenye tangi la dizeli. Kaniambia nifute tu. Nikafuta kwa mapenzi, kama ninayefuta shavu lake.

Sasa sikia. Kwenye kifuniko cha tangi, katikati kabisa, nikagundua kitundu. Kidogo kama tundu la sindano. Miaka yote hiyo! Baba Mkwe hakukiona, mke wangu hakukiona, Mchomeleaji na mikono yake yote hakukiona. Vumbi linaingia, mvua inaingia, na wao wanahangaika na pampu. Nikacheka peke yangu. Macho ya muuza mapazia hayo: tundu la nondo tunaliona kutoka ng'ambo ya barabara.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikatoa mfukoni gundi ninayobandikia shanga za mapazia, ile ya pinki, nikaziba. Nikapuliza ikauka. Nikaongeza tabaka la pili kwa usalama.

Sijamwambia mtu. Jumamosi, mbele ya umma, nitatoboa siri. Mwanangu, atasema. Mwanangu, umetuokoa.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Ajabu. Leo limewaka vizuri, na baada ya dakika kumi likaanza kuhema. Likazimika. Mke wangu akakunja uso (hata akikunja ni mzuri), akasema dizeli haifiki. Akafungua chujio, akatoa upepo kwenye mabomba, akapiga stata. Kimya.

Mchomeleaji akasema ngoja aangalie kama dizeli ipo. Akafungua kifuniko. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akachungulia, akasema ipo, akafunga. Mke wangu akapiga stata. Likawaka!

Baba Mkwe akampigapiga mgongoni. Eti ana mkono wa baraka! Kwa kuchungulia! Mimi niliyeziba uvujaji wa miaka ishirini na moja naambiwa nisogee, naziba mwanga wa taa.

Dakika kumi, likazimika tena.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mke wangu kaomba ruhusa kazini. Kashusha pampu yote, kaisafisha kipande kimoja kimoja, kairudisha. Nikamlisha wali kwa kijiko, amekaa juu ya mnyororo, macho yamefumba. Akaniambia kama hili likikatwa, baba yake hatakuwa mtu tena. Moyo wangu ukavunjika vipande. Nikamwambia asiogope, kuna jambo nimelifanya ambalo litatuvusha. Akafumbua macho, akauliza jambo gani. Nikambusu kwenye paji. Siri!

Jioni wakaliwasha. Dakika kumi, likazimika. Mchomeleaji akachungulia tena tangini, fyuuuu, likawaka. Mara tatu mfululizo hivyo hivyo.

Mimi si mtu wa kushuku. Lakini nimehesabu: kila anapogusa kile kifuniko, mtambo unamtii. Anapojitenga, unazimika. Anajitafutia sifa kwa mke wangu kwa njia ambayo bado sijaielewa. Na kisingizio chake ni kimoja tu: ngoja niangalie kama dizeli ipo.

Nimepata dawa yake.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Dawa: nimejaza tangi. Madumu saba, nimeyabeba mwenyewe kutoka kituo cha mafuta, bega hili na bega hili. Limejaa pomoni mpaka shingoni. Kesho akisema aangalie kama dizeli ipo, nitamjibu ipo, shem, kaa chini.

Nimetundika na mapazia kibandani. Baba Mkwe akapanda, akayatazama muda mrefu. Akauliza barabara ataionaje. Nikamwonyesha kamba: unavuta hapa, yanafunguka pande zote mbili kwa pamoja, marinda hayajikunji. Akashuka. Kaguswa, nimemwona.

Mke wangu kalala saa moja jioni na spana mkononi. Sikuitoa. Nimekaa pembeni namsikiliza akikoroma kidogo kidogo. Kuna muziki unaoshinda huo?


Jumamosi, tarehe 8 Machi. Mwezi mmoja wa ndoa!!!

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne na nusu umma ulikuwa umejaa ukutani. Mwenye kiwanja kasimama na saa mkononi. Watu wa vyuma chakavu wawili wamekalia mitungi yao ya gesi ya kukatia, wanakula karanga. Baba Mkwe kavaa ovaroli yake ya zamani, ameipiga pasi mpaka mikunjo inakata. Akapanda. Akafunga mapazia yangu kwa fundo ili yasimsumbue (fundo zuri). Likawaka. Likasogea! Minyororo ikalia, nyasi zikang'oka, watoto wakapiga kelele, mimi nikalia wazi wazi bila kujificha.

Langoni likazimika. Nusu ndani, nusu nje. Hata dakika tano halikumaliza, yaani afadhali hata juzi.

Mke wangu akaingia chini. Akafungua chujio, akatoa upepo, akafunga. Stata. Kimya. Tena. Kimya. Betri ikaanza kulia kama mbuzi. Saa sita kasorobo. Mmoja wa wale wa gesi akainuka, akakung'uta maganda ya karanga, akawa ananyoosha mpira wa mtungi. Baba Mkwe juu kibandani akakamata vishikio vya kuongozea kwa mikono yote, kama abiria anayekataa kuteremshwa.

Ndipo Mchomeleaji akasema, nilijua atasema, ngoja aangalie kama dizeli ipo.

Nikamzuia kwa kifua. Nikamwambia ipo, nimeijaza mwenyewe, shem, mpaka shingoni! Akasema aangalie tu. Nikasema hatazami mtu. Akasema shem vipi, kwani tangi ni la mahari? Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Nikaruka juu ya minyororo, nikashika kifuniko mbele ya umma wote, nikapaza sauti kwamba waje waone wenyewe kama haikujaa. Kikawa kigumu kama kimemezwa. Nikakizungusha kwa nguvu zote.

FYUUUUUP!

Lilivuta pumzi mpaka ncha ya tai yangu ikaingia tangini. (Nilivaa tai. Ni mwezi mmoja wa ndoa.)

Baba Mkwe akageuza shingo polepole. Akashuka kibandani. Akanyoosha mkono bila kunitazama usoni, nikampa kifuniko. Akakigeuza. Pale katikati gundi yangu ikang'aa juani, pinki tupu, na chembe mbili za shanga zimenasa humo. Akauliza nani kafanya hivi.

Mchomeleaji akatazama mawingu. Mke wangu akanitazama mimi.

Hii ndiyo saa yangu, nikajisemea. Nikakaza tai yenye dizeli, nikasema ni mimi! Jumanne! Matabaka mawili!

Mke wangu akaketi chini vumbini. Nikadhani kazimia, kumbe anacheka, anacheka hana sauti, machozi yanachora njia kwenye grisi. Akapata pumzi akasema kile kitundu ndicho tangi linapumulia. Dizeli ikitoka lazima hewa iingie, la sivyo dizeli inagoma kutoka. Na nilipolijaza pomoni ndiyo nikalimalizia kabisa, halikubaki na hewa hata ya dakika kumi. Akasema siku nne anashusha pampu nzima. Siku nne! Akacheka tena, halafu akaacha kucheka ghafla, akasema tutaongea nyumbani.

Baba Mkwe akachomoa pini kwenye nywele za binti yake, akaitoboa gundi, akapuliza. Akafunga kifuniko. Akapanda. Likawaka mara ya kwanza. Saa sita kasoro dakika mbili mnyororo wa nyuma ukavuka lango! Wale wa gesi wakapiga makofi, wakabeba mitungi yao. Mwenye kiwanja akatia saa mfukoni. Mzee akaliendesha mpaka uani kwake bila kusimama, akipunga mkono mmoja njia nzima kama bwana harusi.

Na sasa jambo kubwa. Alipoteremka alinijia moja kwa moja. Akaniwekea mkono begani, mzito kama tofali. Akasema: "Mwanangu..."

MWANANGU!

Kaniita mwanangu! Aliendelea kuongea, tena kwa kirefu, kuhusu mikono, na mifuko, na mikono kukaa mifukoni, lakini masikio yalikuwa yananilia kwa furaha na mengi sikuyadaka. Mwanangu. Nimeandika tena ili nilione. Mwanangu.

Nyumbani tuliongea. Mke wangu aliongea zaidi. Nimemwahidi, mkono moyoni, kwamba kamwe sitaziba tundu lolote la mtambo bila kumuuliza. Akanikumbatia. Akanusa tai, akaitundika nje.


Jumatatu, tarehe 10 Machi. Siku ya thelathini na moja.

Asubuhi tamu! Leo ni mapumziko, na mke wangu kaanza awamu ya pili. Jana kutwa yeye na Baba Mkwe walifungua giaboksi nzima, na leo wamekwenda pamoja kutafuta beringi. Nimebaki peke yangu uani kwa wakwe. Wananiamini!

Ahadi ni deni. Sijaziba kitu. Matundu yako wazi yote, nimeyapita kwa adabu.

Ila maskini, uharaka wao. Boliti wameziacha zimetawanyika juu ya boksi kuukuu lililokatwa, chafu, limechorwachorwa michoro na namba na mishale isiyo na kichwa wala miguu. Kila boliti imesimamishwa kwenye kijitundu chake, fupi kando ya ndefu, nyembamba kando ya nene. Duka langu likipangwa hivyo, mteja hanunui hata kitambaa cha meza.

Nimezing'oa zote. Mia moja na kumi na mbili! Nimezifua kwa sabuni, nimezikausha kwa taulo. Nimezipanga kwa urefu, kuanzia ndogo kabisa, kwenye chupa tisa safi za jamu, na kila chupa nimeifunga utepe. Zinavyong'aa! Lile boksi nimelichomea takataka.

Nawasikia langoni. Mzee anacheka, hajawahi kucheka hivyo tangu nimjue. Nimeziweka chupa mezani, nimezifunika pazia la maua, na nimesimama kando nimeshika ncha yake. Nitahesabu mpaka tatu, kisha nalivuta.