Malalamiko Dhidi ya Nyumba Iliyohama na Mke Wangu Ndani

Shumba Viamboni, Pemba
25 Mei 1938

Kwa Mheshimiwa Bwana Mudiri,
Wete.

Baada ya salamu na heshima zinazokistahili cheo chako, mimi Msellem bin Nyange, karani mstaafu wa forodha, naleta mbele yako shauri ambalo, kwa miaka ishirini na miwili niliyokaa forodhani nikikagua magunia ya karafuu ya watu wengine, sikupata kuliona wala kulisikia. Nyumba yangu imehama. Haikuanguka, haikuungua, wala haikuvunjwa na mwizi. Imehama, mke wangu yumo ndani, na Shumba nzima wanaona ni jambo la kuchekesha. Mimi silioni la kuchekesha hata chembe.

Usije ukadhani unaandikiwa na mwendawazimu, kwa hiyo naanza mwanzo.

Nilikuwa na nyumba ya udongo kama wenzangu. Masika ya mwaka jana ukuta wa upande wa jikoni ukaingia ufa. Mke wangu, Bi Kazija binti Mjaka, akaniambia asubuhi, akaniambia jioni, kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mimi sipendi kusomeshwa methali nyumbani kwangu. Ukuta ulipolala chini nikamwambia sitaziba wala sitajenga, kwani mtu aliyeshika mhuri wa forodha hawezi tena kukanyaga udongo na majirani wakimtazama miguu. Nikashika njia ya Wete.

Huko Wete, Bwana Devji mwenye duka alikuwa ameachiwa kitu na Mzungu mmoja mpima barabara aliyekwisha kwenda zake kwao. Kitu chenyewe ni chumba cha mbao na bati juu ya magurudumu mawili marefu, kinafungwa nyuma ya gari kikakokotwa. Mzungu alikileta kwa meli kutoka Tanga akawa analala humo kila alikokwenda kupima. Ndani mna kitanda cha kukunja, kabati, meza, pipa la maji lenye bomba, madirisha mawili yenye pazia, na nyuma kabisa, juu ya sakafu hiyo hiyo, kijichumba cha turubai chenye choo. Devji akakiita tela. Mimi nikakiita nyumba, nikakinunua, nikakileta Shumba kwa kishindo. Boriti na fito za nyumba yangu ya zamani nikaamuru ziwe kuni za kupikia karamu ya kuhamia. Watu wakala wakashiba, wakaizunguka nyumba yangu wakiigonga gonga na kusema mashaallah. Hao hao ndio leo wanaokaa barazani kunicheka.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Bwana Devji alinificha ubaya wa kitu hiki kwa kunieleza kila kitu waziwazi. Aliniambia kimetengenezwa kupita mahali pasipo barabara, penye matope, mawe na mabonde. Aliniambia mara tatu. Muuzaji anayesema kweli mara tatu kwa mtu aliyekwisha kuamua, huyo ana lake jambo. Aliniambia pia kwamba nikifika Shumba niyang'oe magurudumu, niikalishe nyumba juu ya mawe. Nikakataa, kwa sababu nyumba yenye magurudumu inapendeza zaidi machoni pa watu. Angekuwa muungwana angeyang'oa yeye kabla sijayaona.

2. Mwezi huu Moza, mdogo wake Kazija, aliolewa huko kwao Jadida. Mimi, shemeji mtu, tena mwenye pensheni, nilialikwa kwa mdomo wa muuza nazi! Alikuja kuuza nazi, akauza, akapokea chake, akafika njiani, ndipo akakumbuka akarudi kunialika. Ebo! Nikasema hatuendi. Kazija akasema mdogo wake ni mmoja tu na yeye atakwenda. Basi nikasimama, nikaupiga ukuta kwa bakora yangu pasiwe na shaka ni nyumba ipi, na mbele ya mashahidi wawili waliokuwa wakipita dirishani nikatamka kwamba akitoka nyumba hii kwenda Jadida, ameachika. Kwa ukamilifu wa kumbukumbu naeleza kuwa talaka mbili zilikwisha kutangulia katika miaka yetu kumi na tisa: moja kwa sababu ya pweza aliyezidi chumvi, na moja kwa sababu ya kofia yangu kufuliwa pamoja na kanga mpya. Zote mbili nilimrejea kabla juma halijesha. Hii ingekuwa ya tatu, na ya tatu haina rejea, kila mtu anajua. Nilikusudia hivyo. Kiapo chepesi hakimtishi mtu.

3. Ijumaa iliyofuata nikaenda msikitini na moyo mweupe. Natoka baada ya sala, nasikia vyuma vinalia barabarani. Naangalia: nyumba yangu inakuja! Mbele yake ng'ombe wawili wa shemeji yangu Duni, Duni mwenyewe kawashika kamba, kavaa kanzu ya arusi. Ikapita mbele ya msikiti polepole, watu wote wamesimama na viatu mikononi. Kazija akafunua pazia, akaniamkia kwa adabu zote, akaniarifu kwamba nyumbani hakutoka na hatoki, na kwamba mchuzi wangu ameuacha kwenye mafiga chini ya bakuli. Kisha pazia likashuka. Nilipofika kiwanjani pangu nikakuta majani ya manjano ya mraba, mafiga matatu na bakuli. Mchuzi ulikuwa mzuri, sitasema uongo katika barua ya serikali. Lakini nani ameona mtu anakula mchuzi amesimama mahali palipokuwa na nyumba yake?

4. Nikaenda kwa Sheikh Kificho, anayetusomesha hapa kijijini, nikitaraji kuliwazwa. Akanisikiliza, akafumba macho, nikadhani anafikiri, kumbe anazuia kicheko. Akaniuliza kama mke ametia mguu nje. Nikasema hapana. Akauliza kama nyumba ndiyo ile niliyoipiga bakora. Nikasema ndiyo. Akasema basi mke hakutoka nyumbani. Ni nyumba iliyotoka Shumba, na nyumba sikuiapia. Ndoa ipo, na chakula chake ni juu yangu. Kwa hiyo kila juma nampa mtu kikapu cha mchele na samaki akipeleke Jadida, nikimlisha mtu aliyenikimbia bila kuondoka! Hivi ndivyo elimu inavyotumika siku hizi.

5. Mimi mwenyewe nalala ukumbini kwa jirani yangu Mzee Mmanga, mwenye nyumba ya udongo isiyo na ufa, jambo analolitaja kila asubuhi kabla ya chai. Juzi alinionyesha ukuta wake mmoja mmoja, akaugusa kwa kiganja, kama kwamba mimi sijapata kuona ukuta.

6. Linaloniudhi kuliko yote ni kiburi cha mwanamke huyu. Naletewa habari kwamba siku ya arusi ya Moza hakushuka. Uwanja wa mama yake umejaa watu, ngoma inalia, shughuli yote i hatua tano kutoka mlangoni kwake, naye Bibi kakaa dirishani anatazama. Hata kumvisha mdogo wake maua hakushuka. Moza ndiye aliyeletwa mpaka dirishani akainamisha kichwa. Leo ni siku ya kumi na tisa hajatia unyayo chini. Mahali alipozaliwa, alipocheza utotoni, leo anapaona pachafu kwa sababu amekaa nyumba ya Mzungu! Nimemtengenezea malkia kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa sababu hizi, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu serikali ifanye haya yafuatayo.

Kwanza, utoe amri kwamba nyumba yoyote katika kisiwa hiki isitembee bila ruhusa ya maandishi ya mume aliyeoa ndani yake.

Pili, umpeleke fundi Jadida akayang'oe magurudumu yale mahali yalipo leo, yatupwe baharini, nyumba ikae chini kama nyumba za watu wenye akili.

Tatu, ng'ombe wawili wa Duni waitwe barazani pamoja na mwenyewe. Najua ng'ombe hawaapi. Wasimame tu, waonekane.

Nne, Bi Kazija aamriwe na serikali ateremke humo mara moja na arudi Shumba kwa miguu yake, mchana, watu wakimwona, apate kujua kwamba mume ni mume.

Tano, barabara ya kuja Shumba ikatwe, ili jambo hili lisitokee tena kwa mtu mwingine. Shimo la kawaida halitoshi, maana Devji alikwisha kusema chombo hiki kinapita popote. Linatakiwa handaki la kina cha mtu mrefu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hili sikutaka kuisumbua serikali. Nimelichimba mwenyewe pale bondeni kabla ya kijiji, siku nne kwa jembe langu, na jana nimelimaliza. Waendao kwa miguu wanapita kando. Wenye magari ya ng'ombe wanasubiri huko ng'ambo na mbata zao, na maneno wanayonitolea sitayaandika hapa, maana barua hii itasomwa na mtu mwenye heshima. Nimewajibu kwamba mwenye haja na Shumba awe na subira, nami pia nina haja zangu.

Nina hakika Bwana Mudiri utaliangalia shauri hili kwa jicho la mwanamume mwenzangu. Nisalimie makarani wote wa hapo ofisini, hasa wale waliopata kunijua nilipokuwa nikipewa heshima. Nisalimie askari wa mlangoni, na mzee wa kahawa anayepita hapo saa nne, na mwenye kuuliza habari zangu yeyote, isipokuwa Devji, ambaye salamu zake nitampelekea mwenyewe kwa bakora.

Ni mimi, mtu wa haki niliye bila nyumba,
Msellem bin Nyange

Nyongeza. Bwana Mudiri, barua hii nilikuwa naileta ofisini kwa mkono wangu, na njiani nikapita Jadida. Si kwamba nilitaka kupita. Kikapu cha juma hili hakikuwa na mtu wa kukipeleka.

Nikamkuta kakaa mlangoni mwa ile nyumba, miguu kaikunja juu ya kizingiti, kanga kaibana magotini ili hata ncha yake isiguse chini. Amepungua. Nikasimama pale uwanjani na kikapu changu, nikaanza kumpa maneno niliyokuandikia hapo juu, namba kwa namba. Nilipofika namba sita, ile ya kiburi, mama yake, Bi Mwanamize, akatoka jikoni na mwiko mkononi akaniambia nyamaza. Akanieleza kwamba siku ile Moza alipoletwa dirishani, Kazija alilia mpaka pazia likalowa, na wanawake wote walimbembeleza ashuke, hatua tano tu, nani atamwona, naye akakataa.

Nikamuuliza Kazija kwa nini. Akaniambia kwamba talaka mbili nimekwisha kuzitumia mwenyewe, moja kwa pweza na moja kwa kofia, na hii moja iliyobaki ameamua kuitunza yeye, maana mimi vitu vidogo huvipoteza. Alisema angeteremka pale Jadida hata kuokota kitana, basi miaka kumi na tisa ingekwisha hapo hapo mavumbini, na kwamba arusi ya mdogo wake aliitaka, lakini na mimi ananitaka. Alisema hivyo mbele ya mama yake. Bwana Mudiri, nikamnyooshea kikapu changu. Nadhani nilisema kikapu kina samaki.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafutwe. Ombi la nne lifutwe kwanza, kwa wino mzito, na mtu yeyote wa serikali asije akamwambia ateremke, hata kwa heshima, hata kwa mzaha. Ombi la pili lifutwe pia: magurudumu yasiguswe. Ukiyang'oa pale, mke wangu atakuwa amefungwa Jadida maisha yake yote, nami Shumba. Tena nitayahitaji daima, kwa kuwa kiapo changu hakiondoki, na kila atakapotaka kumwamkia mama yake itanibidi niikokote nyumba nzima. Bwana Devji nimekwisha kumpitia. Amenipa mafuta ya kulainishia vyuma na hakuniuliza kitu, nami sikumpiga. Ng'ombe wa Duni wasiitwe, watakuwa na kazi.

Naandika haya juu ya meza ya kukunja, ndani, nikiwa nimekwisha kula. Tumekubaliana nyumba irudi Shumba kesho baada ya sala ya alfajiri, naye akiwa ndani. Limebaki ombi la tano. Lile handaki ni refu kwenda chini kuliko nilivyokuandikia, na mvua ya usiku wa jana imelijaza maji. Mimi natoka hapa sasa hivi nakwenda kulifukia, na barua hii ataileta Duni. Nakuomba, Bwana Mudiri, kwa chochote unachokiogopa na unachokipenda, mpe kila askari uliye naye jembe na umlete bondeni kabla ya giza. Nyumba ikikwama pale itambidi mke wangu ateremke na safari yake ya Jadida haijesha, kiapo kimshike, na mara hii sina rejea.